Mmea Mbele, Mtu Kando: Sanaa ya Picha katika Bustani za Nairobi

Fungua albamu ya familia yoyote ya Nairobi iliyoanza kupigwa picha kabla ya zama za simu za mkononi, utakuta ukurasa wa bustani. Baba kavaa suti, mama kashika mkoba kwa mikono miwili, watoto wamepangwa kwa kimo, na nyuma yao kuna boganvilia au kitalu cha maua cha Uhuru Park. Picha ya sikukuu isiyo na maua ilionekana haijakamilika. Kule Mombasa, wapigapicha waliokuwa na vibanda karibu na kivuko cha Likoni katika miaka ya 1990 waliihamishia bustani kibandani: maua ya plastiki, mapazia ya rangi, mandhari ya kubuni. Zilikuwa picha nzuri na bado zinatunzwa kwa mapenzi. Lakini katika zote hizo mmea ni pazia. Umekatwa na ukingo wa karatasi, jina lake halijulikani, na hakuna aliyeulenga.

Wapo walioamua kuugeuza mpangilio huo. Ukiingia Bustani ya Miti ya Nairobi, ambayo wakazi wa jiji huiita Arboretum tu, asubuhi na mapema, utawakuta miongoni mwa wakimbiaji na watu wanaosali chini ya miti. Mmoja amepiga magoti mbele ya jani lililooza nusu. Mwingine amesimama kimya akingoja upepo utulie. Wachache wana kamera kubwa zenye lenzi za picha za karibu. Wengi wana simu. Waombe wakuonyeshe walichopiga, nawe utaona gome, tumba, mzizi, kokwa iliyopasuka. Mtu akitokeza nyuma ya mti, wao husubiri apite ndipo waendelee.

Ninaichukulia kazi hii kuwa sanaa kamili, na sanaa ngumu. Mtu unayempiga picha unaweza kumwambia ageuze uso, asogee kwenye mwanga, atabasamu. Mti hauambiwi. Wewe ndiye utakayesogea, utakayelala kifudifudi kwenye umande, utakayerudi kesho mwanga ukiwa bora au mwezi ujao ua likiwa limefunguka. Hakuna uso wa kumvuta mtazamaji wala tukio la kumshtua. Kilichobaki ni umbo, mwanga na uamuzi wa mpigapicha: aingize nini kwenye fremu na akiache kipi nje. Mpigapicha mvivu hujificha nyuma ya uso wa mtu mzuri. Nyuma ya jani hana pa kujificha.

Arboretum yenyewe ilianzishwa mwaka 1907, miaka minane baada ya reli kufika Nairobi. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti ipi ya kigeni ingestawi upesi katika nyanda hizi, kwa kuwa injini za treni wakati huo zilikuwa zikila kuni na misitu ya asili haikui kwa haraka hiyo. Kwa hiyo tuliyo nayo leo, hekta zipatazo 30 zenye zaidi ya aina 350 za miti, ilianza kama shamba la majaribio. Wengi wanaotembea humo hawajui hilo, ila mpigapicha hulitambua kwa macho hata kabla ya kulisoma. Hatua chache zinamtoa kwenye mti wa Australia zikamfikisha kwenye mti wa mlima Kenya. Mikaratusi ya humo hubambua magome kwa vipande virefu, na chini ya gome kuukuu hutokea rangi za kijivu, krimu na kijani zilizopangana bila mstari wowote ulionyooka. Nimeona picha za magome hayo zilizopigwa kwa simu ambazo zingeweza kutundikwa kwenye jumba lolote la sanaa. Mvua ikinyesha usiku, rangi hizo hukolea, na wanaoijua bustani hufika mapema siku inayofuata.

Suala la mwanga linastahili kusemwa kwa kirefu, maana vitabu vingi vya kufundisha upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za kaskazini na ushauri wao hautufai moja kwa moja. Wao wana jioni ndefu za kiangazi, jua likiteremka polepole kwa saa nyingi. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,800. Jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kisha hupanda moja kwa moja. Kufikia saa tatu na nusu mwanga umekuwa mkali. Jani linalong'aa linatoka jeupe kwenye picha na kivuli kinatoka cheusi tii. Aliyechelewa kuamka anakuta mmea uleule ukiwa hauna sura.

Ndiyo maana ningemshauri anayeanza aanze Julai, mwezi ambao watu wa Nairobi huulalamikia kwa baridi na mawingu. Mawingu hayo huusambaza mwanga sawasawa. Hata saa sita mchana unaweza kuona vinyweleo vilivyo kwenye shina changa, vishipa vya jani, vumbi la chavua kwenye stameni, vyote bila kivuli cha kuvificha. Miezi ya jua kali nayo ina kazi yake, nayo ni picha ya mwanga wa nyuma: unasimama jani likiwa kati yako na jua, na jani lililokuwa kijani kimoja linageuka ramani ya mishipa. Mgomba wa kawaida nyuma ya nyumba, ukiutazama hivyo saa moja asubuhi, una mistari ambayo mbunifu wa nguo angeilipia. Upepo ni adui wa kudumu. Dawa yake ni kuongeza kasi ya shata kufunga, au kuukubali na kuiacha picha ionyeshe mwendo. Ama chombo cha kupigia, hakina uzito ambao wauzaji wa kamera wanataka tuamini. Simu nyingi za sasa zinaweza kukaribia ua kwa umbali wa sentimita chache, na kwa sanaa hii kukaribia ni nusu ya kazi.

Boganvilia inafaa kuwa mfano. Nairobi imejaa boganvilia, na sehemu ya sifa hiyo ni ya Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kupanda miti na maua kando ya barabara nyingi tunazozipita leo. Mmea wenyewe ulitoka Amerika Kusini; umepewa jina la baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia katika miaka ya 1760 akiwa na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Nenda City Park, chagua tawi moja, usogeze lenzi hadi rangi nyekundu au zambarau ijaze fremu. Utagundua kwamba kile ambacho maisha yako yote umekiita ua ni majani. Ni majani matatu membamba yaliyobadilika rangi, yana mishipa kama jani lolote, na katikati yake kuna maua yenyewe: vijibomba vitatu vidogo, mara nyingi vyeupe au vya manjano hafifu, kila kimoja kimeshikamana na jani lake. Kila familia iliyopigwa picha mbele ya boganvilia ilikuwa mbele ya maua ambayo hayakuonekana kabisa. Kamera iliyokaribia inaonyesha hilo kwa sekunde moja, na aliyekwisha kuliona hawezi tena kuipita boganvilia bila kuangalia katikati.

City Park ina mengine pia. Ni mojawapo ya sehemu chache katikati ya jiji ambako msitu wa asili umebaki, na kima wake ni wajanja. Mfuko wa kamera ulioachwa wazi hupekuliwa. Humo ndimo walimozikwa Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965, na rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya na mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa sanaa za Afrika. Karibu na kaburi la Murumbi kuna sanamu za mawe, na mimea imezizunguka. Wapigapicha wengi hulenga sanamu. Mimi nadhani kazi nzuri zaidi ni ya yule anayeonyesha jinsi ukoga na kivuli cha majani vinavyoendelea kuichonga sanamu baada ya mchongaji kuondoka.

Tukitafuta wazee wa sanaa hii, hatuna budi kumtaja Karl Blossfeldt wa Berlin, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1932. Alifundisha katika chuo cha sanaa na ufundi, na alitaka wanafunzi wake wajue kwamba mapambo ya chuma, mbao na mawe yameanzia kwenye mimea. Akatengeneza kamera yake mwenyewe iliyoweza kukuza sehemu ya mmea hadi mara 30. Hakuhangaika na maua ya bei; alichuma magugu kandokando ya njia na kwenye matuta ya reli, akayaweka mbele ya kadi tupu isiyo na chochote, akayapiga picha kwa miaka mingi hadi negativu zake zikafikia maelfu. Kitabu chake cha kwanza, Urformen der Kunst, kilitoka mwaka 1928, yeye akiwa na miaka 63, na kikamfanya maarufu ghafla. Chipukizi la kangaga lililojikunja, likikuzwa kwenye ukurasa mzima, linaonekana kazi ya mhunzi stadi.

Watu wa pwani hawakuhitaji kuambiwa hilo. Tazama mlango wa kuchonga wa Lamu au Zanzibar: utaona yungiyungi, waridi na mtende vimepangwa kwenye fremu na kizingiti, vikiwa vimepunguzwa hadi umbo lao la msingi. Fundi aliyeuchonga alikuwa ameutazama mmea kwa makini yaleyale, akaondoa kisichohitajika akabakiza mstari. Kanga nayo imejaa mimea, kuanzia umbo la korosho hadi asumini. Kwa hiyo mpigapicha wa Nairobi au Dar es Salaam anayelenga tumba la yungiyungi kwenye bwawa la bustani ana mababu wawili: yule Mjerumani mwenye kamera ya kujitengenezea, na fundi seremala wa pwani. Natamani kuona maonyesho yanayowaweka pamoja, picha ya mmea upande huu na ubao wa mlango upande ule. Mafundi, wapigapicha na milango tunayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuandaa maonyesho hayo.

Mwingine ni Imogen Cunningham wa Marekani. Katika miaka ya 1920 alikuwa California akilea watoto watatu wa kiume, wawili kati yao mapacha, na hakuweza kwenda mbali na nyumba kutafuta picha. Akapiga mimea iliyokuwa bustanini mwake. Picha yake ya ua la magnolia ya mwaka 1925, ambamo katikati ya ua panajaza fremu yote, ni miongoni mwa picha za mimea zinazojulikana zaidi duniani. Namtaja kwa ajili ya akina mama na akina baba wanaoniambia hawana muda. Hatua kumi kutoka mlangoni zinatosha.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni Eugène Atget, kwa sababu yeye alizifuata bustani za umma. Alikuwa mzee alipoingia bustani ya Sceaux, nje ya Paris, mwaka 1925, akibeba kamera nzito ya mbao na sahani za kioo. Bustani ilikuwa imetelekezwa. Madimbwi yamejaa majani, miti imekua ovyo, na ilikuwa karibu kukarabatiwa. Aliipiga picha kama ilivyokuwa, kabla haijabadilika. Katika bustani ya Saint-Cloud alirudi mara kwa mara kwenye miti na mizizi ileile. Alifariki mwaka 1927 bila kujulikana sana. Leo anayetaka kujua bustani hizo zilikuwaje huzitazama picha zake.

Hapo ndipo sanaa hii inapokutana na maisha ya jiji letu. Mwaka 2020, barabara ya kasi ya kilomita 27 ilipoanza kujengwa kukatiza Nairobi, miti mingi ilikatwa njiani. Mugumo mmoja mkubwa wa Westlands, kando ya Waiyaki Way, wenye umri unaokadiriwa kuzidi miaka 100, ulikuwa katika orodha ya kuondolewa. Watu walipaza sauti, picha za mti huo zikasambaa, na Novemba mwaka huohuo ukatolewa uamuzi wa Rais kwamba ubaki. Bado upo. Ukiutazama kwa lenzi unaelewa kwa nini Wakikuyu waliupa mti huu heshima ya pekee. Maisha ya mugumo mara nyingi huanzia juu ya mti mwingine, mbegu ikiwa imeangushwa na ndege kwenye panda la tawi. Mizizi hushuka hadi ardhini, inanenepa, inamkumbatia mwenyeji hadi anakufa, na kinachobaki ni shina lililosukwa na mizizi ya enzi tofauti. Picha moja haiutoshi. Unahitaji ya mbali inayoonyesha magari yakipita chini yake, na ya karibu inayoonyesha mzizi mmoja ukivuka mwingine.

Na ile mingine iliyokatwa? Mingi haina picha hata moja ambayo mti ndio mlengwa. Ipo nyuma ya harusi, nyuma ya mahafali, nusu ya shina kwenye kona. Uhuru Park yenyewe ingekuwa na jengo la ghorofa 60 kama Wangari Maathai asingepinga mpango huo mwaka 1989, akitukanwa hadharani kwa kufanya hivyo. Aliyeokoa bustani ametufanyia kazi kubwa zaidi. Anayezipiga picha kwa uaminifu anatuachia ushahidi wa kilichookolewa, na wa kilichopotea.

Turudi kwenye uzuri wenyewe, maana sitaki msomaji afikiri kwamba kila picha ya mti ni maandamano. Kati ya Septemba na Novemba Nairobi hugeuka zambarau kwa mijakaranda, na mitandao hujaa picha za zulia la maua barabarani. Nyingi haziniridhishi. Rangi ya jakaranda iko baina ya bluu na zambarau, na kamera nyingi huikosea. Kisha mtu anaongeza ukolevu kwenye programu mpaka mti unaonekana umepakwa rangi ya ukutani. Pigeni asubuhi kukiwa bado na kivuli, msiguse ukolevu, na rangi itakuja yenyewe. Halafu rudini maua yakiisha. Mjakaranda ukiwa hauna ua hubeba vikasha vigumu vya mbegu, bapa, vilivyofungana kama kombe la chaza, na vikipasuka vinatoa mbegu zenye mbawa nyembamba zinazopitisha mwanga. Ni vitu vya ajabu kwa picha ya karibu, vimelala chini bure kwenye kila barabara ya Kilimani na Lavington, na ni nadra kuona aliyeinama kuvipiga. Mpigapicha anayeufuata mti mmoja tangu tumba hadi mbegu atajifunza mengi kuliko anayekimbilia bustani tano kwa siku moja.

Vipo vikwazo vinavyoweza kuondolewa. Katika baadhi ya bustani zetu, mlinzi akiona kamera yenye lenzi ndefu hudhani ni biashara, na mwanafunzi aliyekuja kupiga picha ya ganda la mti huambiwa alete kibali au alipe ada ya watengeneza filamu. Huo ni utaratibu wa kubadilishwa. Anayepiga picha ya mmea hazuii njia, hafungi eneo, hakanyagi kitalu iwapo amefundwa vizuri, na picha yake huwavuta wengine waje walipe kiingilio. Kibao cha jina nacho ni muhimu. Picha ya mtu ikitundikwa tunaandika jina lake. Picha ya mti inastahili jina la kienyeji, la Kiswahili na la kisayansi, pamoja na mwaka wa kupandwa ukijulikana. Miti mingi ya bustani zetu haina vibao, au vibao vimefutika. Hilo ni muhimu zaidi Dar es Salaam, kwenye Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 karibu na Makumbusho ya Taifa, ambayo majengo yameibana lakini bado inatunza minazi ya Shelisheli, ile yenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Ni watu wangapi waliopita hapo wakijua walichokipita?

Shule zingeanza bila kamera kabisa. Mwaka 1843 Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu cha mwani kilichotengenezwa kwa jua tu: karatasi iliyopakwa chumvi mbili za chuma, mmea juu yake, dakika kadhaa juani, kisha maji. Umbo la mmea linabaki jeupe kwenye bluu iliyokolea. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani kuchapishwa na picha za fotografia. Kwa jua tulilo nalo Afrika Mashariki, mwalimu wa sanaa mwenye dawa hizo mbili na kipande cha kioo anaweza kufundisha somo zima kwenye uwanja wa shule.

Nawaomba wasimamizi wa bustani za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam waondoe ada kwa wanaopiga picha za mimea bila biashara, na warudishe vibao kwenye miti. Nawe msomaji, chagua mti mmoja ulio karibu nawe kabla barabara mpya haijaufikia. Uulize jina lake kwa wanaoujua, uupige picha mzima na uukaribie, uchapishe picha hiyo kwenye karatasi, na nyuma yake uandike jina la mti, mahali ulipo na tarehe.